Kujaza maputo mia kabla wageni hawajafika: pampu, chupa na vifaa vya nyumbani

Pakiti ya maputo mia moja inaingia kwenye mfuko wa shati. Yajaze yote, kila moja lifike upana wa sentimita 25, na utakuwa umeyapa takriban lita 800 za hewa: mapipa manne, yale ya lita 200 tunayohifadhia maji. Hewa hiyo lazima itoke mahali. Itatoka kwenye mapafu yako, kwenye mkono unaosukuma pampu, au kwenye mashine.

Mimi ni shangazi wa watoto wengi, na katika ukoo wetu kazi ya maputo ni yangu. Bethidei, arobaini, komunyo ya kwanza, mahafali ya chekechea, zote nimezipamba, mara nyingi sebuleni au uani kwetu Tabata, Dar es Salaam. Nimejaza kwa mdomo mpaka mashavu yakauma, nimejaza kwa pampu ya baiskeli ya jirani, na siku moja umeme ulipokatika nimejaza kwa chupa ya maji ya kunywa. Nilichokigundua ni kwamba pampu inaokoa pumzi, lakini muda unaliwa na fundo. Mtu mwenye pampu nzuri anajaza puto kwa sekunde 20, halafu anapoteza sekunde 30 akihangaika na shingo yake. Kwa hiyo soma sehemu ya kufunga kwa makini kuliko hata ile ya pampu.

Kwanza ukubwa

Maputo ya Kariakoo huuzwa kwa inchi. Ya kawaida ni ya inchi 10 na ya inchi 12, na inchi 12 ni kama sentimita 30. Namba hiyo ndiyo kikomo cha puto, hulazimiki kukifikia. Mimi yale ya inchi 12 huyaishia sentimita 25. Puto la sentimita 25 linachukua lita 8 hivi; la sentimita 30 linachukua lita 14. Sentimita tano ambazo hakuna mgeni atakayezitambua zinakudai hewa karibu mara mbili, na puto lililojazwa mpaka mwisho lina shingo fupi isiyofungika, tena jua likiligusa linapasuka.

Tengeneza kipimo. Chukua upande mmoja wa boksi gumu, chora kwa rula pengo lenye umbo la mlango, upana sentimita 25, kisha likate. Kila puto linapita mlangoni. Likigusa pande zote mbili kidogo, linafaa. Likikwama, toa hewa. Kama huna boksi, viti viwili vya plastiki vilivyoachana kwa umbali huo vinafanya kazi hiyohiyo. Ukikadiria kwa macho, maputo ya kwanza yatakuwa makubwa na ya mwisho madogo, kwa sababu mkono umechoka, na ukiyapanga ukutani tofauti itaonekana toka mlangoni.

Angalia pia umbo. Puto la kawaida linapotoka kuwa duara na kuanza kufanana na peasi, limeshazidi.

Kisha linyooshe

Puto jipya ni kaidi. Lishike mwilini na shingoni, livute mara tatu nne kwa urefu, kisha livute kwa upana. Fanya hivyo kwa pakiti nzima kabla hujaanza kujaza. Mpe kazi hiyo mtoto wa miaka kumi aliyekaa mkekani, ataifanya kwa furaha. Mpira ukishanyooshwa mara moja, mara ya pili unakubali kwa urahisi. Na ule ugumu wa pumzi ya kwanza una sababu yake: puto likiwa dogo ndipo linapoikaba hewa kwa nguvu zaidi. Likishavuka ukubwa wa chungwa, linalegea lenyewe. Wengi hukata tamaa palepale kwenye chungwa.

Ule unga mweupe unaobaki vidoleni umewekwa ili kuta za puto zisigandane. Ni desturi ya zamani. Michael Faraday alipotengeneza maputo ya mpira mjini London mwaka 1824, kwa ajili ya majaribio yake ya haidrojeni, alibana kingo za vipande viwili vya mpira na ndani akapaka unga ili visishikane. Ukiona puto la pakiti ya zamani limegandana ndani, lisugue polepole katikati ya viganja kabla ya kulipa hewa. Ukilipulizia kwa nguvu litachanika pale lilipogandia.

Pampu ya baiskeli

Hiki ndicho kifaa ninachokiamini, kwa kuwa kipo karibu kila mtaa na hakihitaji umeme. Nazungumzia ile ndefu ya kusimama, unayoikanyaga miguu huku unasukuma kwa mikono miwili. Kila msukumo wake unatoa kama nusu lita, hivyo puto la lita 8 linataka misukumo 17 mpaka 20. Ile fupi inayofungwa kwenye fremu ya baiskeli itakudai misukumo 60 au zaidi, iache.

Tatizo ni kwamba mdomo wa pampu umetengenezwa kwa ajili ya tyubu, siyo kwa shingo ya puto. Wengi hutumia sindano ya kujazia mpira wa miguu, nayo inafaa, ila tundu lake ni dogo mno na linapitisha hewa kidogo kidogo. Bomba la kalamu ni bora zaidi. Fanya hivi:

1. Chukua kalamu ya plastiki iliyokwisha. Toa wino, toa kizibo cha nyuma, ubaki na bomba tupu.

2. Likague ubavuni. Kalamu nyingi zina kitundu kidogo sana katikati. Kizibe kwa selotepu, la sivyo nusu ya jasho lako itapotelea hapo.

3. Ingiza ncha moja ya bomba kwenye mdomo wa mpira wa pampu. Ikicheza, izungushie utepe uliokatwa kwenye tyubu kuukuu ya baiskeli mpaka ikaze. Fundi baiskeli yeyote anao utepe huo na mara nyingi hukupa bure.

4. Sugua ncha nyingine kwa msasa au ukutani ili isiwe na makali ya kuchana puto.

5. Vika shingo ya puto kwenye bomba mpaka sentimita tatu ziwe zimeingia, ishike kwa vidole viwili, na mwenzako asukume.

Jaribu puto la kwanza polepole. Sukuma mara tatu, kisha vuta mpini juu. Puto likinywea, pampu yako haina kizuizi cha kurudisha hewa, na kila unapovuta mpini itabidi shingo ibanwe. Unaizoea baada ya maputo matano. Kama pampu inasukumika kwa wepesi wa ajabu na hakuna kinachotoka, kile kipande cha ngozi kilicho mwisho wa ufito kimekauka. Fungua kifuniko cha juu, chomoa ufito, panua ngozi kwa vidole na ipake mafuta kidogo sana. Usiipake nyingi, maana mafuta na mpira wa puto havipatani, na hilo nitalirudia mbele.

Maputo mia ni misukumo kama elfu mbili. Gawaneni. Sisi hubadilishana kila baada ya maputo 25.

Ukiwa na siku mbili tatu kabla ya shughuli na unapita Kariakoo, kwenye maduka ya vifaa vya sherehe utakuta pampu ndogo ya plastiki ya maputo. Chagua ile inayotoa hewa ukisukuma na ukivuta pia. Inakata muda karibu kwa nusu. Ni kifaa chepesi, kinavunjika haraka kikishikwa na watoto, kwa hiyo nunua mbili.

Chupa ya maji

Hii ni njia ya siku ambayo hakuna pampu, umeme hakuna, na mapafu yako hayataki. Tafuta chupa ya soda ya lita moja na nusu au mbili. Chupa ya soda ni ngumu kidogo, inarudi kwenye umbo lake baada ya kuminywa, wakati nyingi za maji huwa nyembamba na hujikunja jumla. Ioshe, ikauke kabisa. Pasha msumari moto, toboa kitako chake tundu dogo ambalo kidole gumba kinaweza kulifunika.

Vika shingo ya puto kwenye mdomo wa chupa. Funika tundu kwa kidole gumba, minya chupa kwa nguvu mpaka puto livimbe. Bana shingo ya puto. Achia kidole gumba. Chupa itavuta hewa kupitia tundu na kurudi kama ilivyokuwa. Funika tena, achia shingo, minya. Mara kumi hivi na puto limejaa. Watu wawili ni bora, mmoja wa kuminya na mmoja wa kubana. Chupa moja ilinipa maputo kama 30 kabla ya kupasuka pale ilipojikunja, basi toboa chupa tatu kabisa mapema.

Mashine zenye msukumo na zisizo nao

Shemeji yangu aliwahi kuniletea drayer ya nywele ya saluni, akiwa na hakika kwamba itamaliza kazi kwa robo saa. Ilipuliza nywele zetu sote na puto halikuvimba hata kidogo. Kosa halikuwa la drayer. Inatoa hewa nyingi, lakini msukumo wake ni mdogo, na puto linahitaji msukumo ili livuke ule ugumu wa mwanzo. Feni ni hivyohivyo, hata iwe kubwa vipi. Kwa hiyo swali la kujiuliza mbele ya mashine yoyote ni hili: ukiziba tundu lake la kutolea hewa kwa kiganja, unasikia ikikusukuma kwa nguvu? Kama ndiyo, jaribu puto.

Mashine ya kufyonzea vumbi inafaulu mtihani huo. Ile ya pipa, yenye tundu la kutolea hewa ambapo bomba linaweza kuchomekwa, inajaza puto kwa sekunde chache. Mwaga vumbi, safisha chujio, iwashe uani kwa nusu dakika ili itapike uchafu uliobaki, kisha ndipo uigeuze. Kwa kuwa bomba lake ni nene, kata sehemu ya juu ya chupa ya soda, ile yenye umbo la faneli, na uifunge kwa tepu ya umeme mwishoni mwa bomba. Shingo ya puto inavikwa kwenye mdomo wa chupa. Kidole kiwe tayari. Puto linajaa kabla hujamaliza kusema neno.

Vipulizio vya umeme ambavyo mafundi wa kompyuta na simu hutumia kutolea vumbi navyo vinaweza, na pampu ya umeme ya godoro la upepo pia. Pampu ndogo ya gari inayochomekwa kwenye tundu la sigara inafika ila kwa kujivuta, kwa sababu imetengenezwa kwa msukumo mkubwa na hewa kidogo; kwa maputo kumi sawa, kwa mia utaunguza mota.

Na fundi wa pancha? Nilimwendea wa mtaani kwetu na pakiti ya maputo hamsini.

"Shikamoo mzee wangu. Naomba upepo wa maputo haya."

"Marahaba mwanangu. Huu ni upepo wa matairi lakini. Ngoja kwanza nitoe maji."

Akafungua koki iliyo chini ya tangi, yakatoka maji yenye rangi ya kutu, na juu yake utando wa mafuta. Namshukuru mpaka leo, kwa sababu maji na mafuta yale yangeingia kwenye maputo yangu. Alipomaliza akafunga ile bastola ya upepo, akawa anaigusa tu, kidogo sana, nusu sekunde kila puto. Mawili yalipasuka, arobaini na nane yakajaa kwa muda mfupi. Ndipo nikakumbuka kwamba lazima niyafikishe nyumbani. Bajaji ilibeba kumi na tano. Tangu siku hiyo maputo yangu hujazwa palepale yatakapotundikwa.

Siki na bekingi soda

Watoto wataiomba hii kwa sababu wameiona kwenye simu. Weka siki kwenye chupa, bekingi soda ndani ya puto, vika puto mdomoni mwa chupa, liinue, soda idondoke, na puto livimbe lenyewe kwa gesi ya kaboni dayoksaidi. Ni jambo la kupendeza na ninalifanya mara moja katika kila shughuli ya watoto. Lakini kwa kujaza puto moja tu la sentimita 25 unahitaji karibu gramu 30 za bekingi soda, vijiko viwili vya chakula, na siki ya kawaida ya asilimia 5 kama nusu lita. Zidisha kwa mia. Na kama umeambiwa puto hilo litaelea, halitaelea: gesi hiyo ni nzito kuliko hewa.

Kwa mdomo

Njia hii inafaa kwa maputo kumi na tano, ishirini. Vuta pumzi kwa tumbo, pulizia kutoka kifuani, usivimbishe mashavu. Baada ya kila maputo matatu pumzika dakika moja. Kizunguzungu kinachokuja kinasababishwa na kupuliza mfululizo kunakotoa kaboni dayoksaidi nyingi mno mwilini. Ukikisikia, kaa chini usubiri kiishe. Mwenye pumu asipewe kazi hii. Na puto lililokwishaguswa na mdomo mmoja lisihamishiwe mdomo mwingine.

Maputo ya karatasi inayong'aa, yale ya namba na herufi, hayanyooki kama ya mpira. Ingiza mrija wa soda kwenye kitundu chake mpaka upite utando wa ndani, puliza, chomoa, bonyeza. Likishakuwa gumu usiongeze hata pumzi moja.

Fundo

Sasa tumefika penyewe.

Kabla ya kufunga, toa hewa kidogo. Shingo inapaswa kubaki laini na ndefu, sentimita tatu au nne za kushika. Anayesema kwamba hajui kufunga maputo mara nyingi amejaza kupita kiasi.

Bana shingo karibu na mwili wa puto kwa kidole gumba na kidole cha kati cha mkono wa kushoto. Kidole cha shahada kiache wazi, kimenyooka. Kwa mkono wa kulia vuta mdomo wa puto uurefushe, uzungushe juu ya kidole cha shahada na gumba, urudi ulipoanzia. Hapo vidole vyako viko ndani ya pete ya mpira. Chomeka mdomo kwenye upenyo kati ya vidole hivyo viwili, usukume upite ndani ya pete, kisha chomoa vidole huku ukivuta. Mara kumi za kwanza zitakuudhi. Ya kumi na moja itakwenda yenyewe.

Njia ya wapambaji inakata kazi hii katikati. Hawafungi puto moja moja. Wanashika maputo mawili, shingo zikipishana kama alama ya kuzidisha, wanazivuta ziwe ndefu, na kuzifunga moja kwa nyingine kama unavyoanza kufunga kamba za viatu, mara mbili. Mpira hujibana wenyewe na hewa haitoki. Maputo mia yamehitaji mafundo hamsini. Tena jozi hizo ndizo zinazofaa kwa tao: jozi mbili ukizipitisha moja juu ya nyingine na kuzungusha mara moja, unapata fungu la maputo manne, ambalo linazungushwa kwenye mshipi wa kuvulia uliotundikwa misumari miwili. Hakuna uzi, hakuna gundi.

Ukiwa peke yako, tumia vibanio vya nguo. Jaza, zungusha shingo mara mbili, bana kibanio, weka kando. Yakifika ishirini, kaa chini ufunge yote kwa mpigo. Mkono unaofanya kazi ya aina moja kwa muda mrefu ni mwepesi kuliko unaobadilisha kila dakika. Vibanio vya mbao vinashika vizuri. Vile vya plastiki vyenye meno makali vinachana.

Tukiwa watatu tunakaa hivi: wa pampu, wa kupima na kupachika vibanio, wa kufunga jozi. Wa nne akipatikana ananyoosha na kupeleka. Kwa mpangilio huu mia moja zinaisha chini ya saa moja, na hatujatumia umeme.

Yakishajaa

Joto la Dar es Salaam linamaliza maputo kuliko kitu kingine. Hewa iliyopashwa kutoka nyuzi 25 hadi 50 inavimba kwa karibu asilimia 8, na nyuzi 50 zinafikiwa kirahisi ndani ya gari lililofungwa juani. Puto lililokuwa na nafasi linavumilia. Lililojazwa hadi kikomo linapasuka. Jua lenyewe pia linakula mpira: ndani ya saa chache puto linapoteza mng'ao, linakuwa kama limepakwa vumbi, na linakuwa dhaifu. Kama sherehe ni ya uani na inaanza saa tisa, jaza asubuhi, yaweke chumbani kwenye kivuli, tundika saa nane. Yaliyojazwa jana yake usiku yanafaa pia, yakikaa ndani. Meusi na ya rangi nzito yape kivuli kwanza, ndiyo yanayofyonza joto.

Chumba cha kuyawekea kikague. Zima pangaboi na weka selotepu juu ya swichi ili mtu asiliwashe kwa mazoea. Ukuta usiopigwa lipu laini unatoboa. Makuti yanatoboa. Majani ya uani yaliyokatwa karibuni yanatoboa sana, kwa hiyo tandika mkeka au shuka. Mimi huyamwaga maputo yote ndani ya chandarua kuukuu kilichofuliwa, nakifunga mdomo na kukitundika. Hayagusi chini, hayapeperuki, na yakitakiwa chumba cha pili yanabebwa yote kwa mkupuo mmoja.

Kuhusu mafuta: mkono uliotoka kushika sambusa au kupaka losheni usishike puto. Na machungwa myafichie jikoni mpaka mapambo yamefanya kazi yake. Maganda ya chungwa, ndimu na limau yana mafuta yanayoyeyusha mpira, na mtoto anayemenya chungwa karibu na puto analipasua bila kuligusa, kwa kale kamvuke kanakoruka ganda likikunjwa. Msimu wa machungwa ya Muheza nimeona tao zima likianza kupasuka upande wa meza ya matunda, moja baada ya jingine.

Hatari ambazo sitaki uzijifunze kwa kuziona

Puto lisilojazwa na kipande cha puto lililopasuka ni hatari kubwa kuliko puto lililojaa. Mpira ule ukiingia kooni unajibandika na kuziba hewa, na ni mgumu kutolewa. Nchini Marekani pakiti za maputo ni lazima zibebe onyo kwa watoto walio chini ya miaka minane. Huku kwetu pakiti nyingi hazina onyo lolote, basi onyo uwe wewe. Wadogo wasipewe maputo matupu kupuliza. Likipasuka, mtu mzima aokote vipande hapohapo, kabla ya kupiga picha, kabla ya kukata keki.

Usijaze puto kwa gesi ya kupikia, hata kwa majaribio. Ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo haitaelea, na inawaka. Haidrojeni inaelea na inawaka pia, na kwenye meza kuna mishumaa. Wanaotaka maputo yanayoelea wanunue ya heliamu, ambayo haiwaki, na wasimruhusu mtu yeyote kuivuta ili sauti ibadilike. Inaondoa oksijeni kwenye mapafu, na watu wamekufa kwa hilo. Maputo yanayong'aa yasiachiwe nje, yanapitisha umeme na nyaya za barabarani ziko chini. Ukisherehekea Coco Beach au Kigamboni, usiachie hata moja liende baharini. Vipande vyake haviozi haraka, na kasa huvimeza.

Jioni wageni wakishaondoka na mtoto amelala, usiyapasue kwa pini. Bana shingo ya puto kwa vidole chini kidogo ya fundo, kata kwa mkasi kati ya fundo na vidole, kisha legeza polepole. Hewa inatoka kwa mluzi mdogo. Jozi ikatwe kila puto kwa wakati wake. Yaliyobaki mazima na laini yakunje na unga kidogo wa mahindi ndani ya bahasha, uiweke mbali na jua. Yatafaa tena kwa shughuli ndogo ya mwezi ujao, ila yajaze pungufu kuliko mara ya kwanza. Yaliyochakaa yahesabu pamoja na vipande ulivyookota, yafunge kwenye gazeti, yaingie ndoo ya taka yenye kifuniko, mbuzi wa jirani wasiyafikie.